Kilima na Jukwaa

Ndugu wasikilizaji, leo nataka tuzungumze habari ya mahali pa kukaa. Si kukaa nyumbani, maana hiyo ni habari ya kodi na wenye nyumba, nami nilikwisha kuisema hapa mpaka mkanichoka. Nasema kukaa uwanjani. Mtu aliyekata tiketi ya jukwaa kuu anakijua kiti chake kabla hajavaa viatu. Kina namba, kina mgongo, na jua likichachamaa paa lipo. Mtu wa mzunguko anakijua kiti chake akishafika, na hata hapo si chake sana, kwani akienda kujisaidia, akirudi amkuta mwingine amekaa. Sisi tuliokulia mpirani hatukufundishwa jambo hili darasani. Lakini nimeona kwamba historia yake inasomeka vizuri zaidi mbali na kwetu, katika mji wa Sydney, Australia, ambako kwa zaidi ya miaka 100 watu wamebishana, wakasukumana, na mara moja wakachoma moto, kwa ajili ya swali hili: mtazamaji akae juu ya kilima cha nyasi, au akae jukwaani?

Mchezo wenyewe si mpira wetu wa miguu. Ni raga, tena si ile raga wanayoicheza jirani zetu wa Nairobi, ya wachezaji 15 au 7. Hii ni raga ya ligi, nayo ina wachezaji 13. Ilizaliwa tarehe 29 Agosti 1895 katika hoteli moja ya mji wa Huddersfield, kaskazini mwa Uingereza, pale klabu za miji ya viwanda na makaa ya mawe zilipojitenga na chama kikuu cha raga. Ugomvi ulikuwa wa fedha, lakini fedha kidogo. Mchimba makaa alifanya kazi hata Jumamosi, na akienda kucheza alikatwa ujira wa siku ile. Klabu zikataka zimrudishie kile alichokatwa. Mabwana wa kusini, ambao hakuna aliyewakata kitu, wakasema mchezo ni wa waungwana na haulipwi. Basi wakaachana. Huko Australia chama cha jimbo la New South Wales kikaundwa mwaka 1907, na mwaka 1908 ligi ya kwanza ikachezwa, kwa klabu tisa.

Nayasema haya kwa sababu bila kuyajua huwezi kukielewa kilima. Huu ulikuwa mchezo wa mitaa ya watu wa kazi: Balmain penye gati na karakana za meli, Newtown penye viwanda, South Sydney penye nyumba zilizobanana kama meno. Klabu hizo hazikuwa na viwanja vyake. Viwanja vilikuwa vya halmashauri za miji, na halmashauri haikuwa na fedha za kumjengea kila mpiga kelele kiti chenye mgongo. Ilichokuwa nacho ni ardhi. Mechi za kwanza za ligi, tarehe 20 Aprili 1908, zilichezwa katika viwanja viwili, na kimojawapo ni Birchgrove, huko Balmain. Birchgrove ni uwanja uliopatikana kwa kufukia tope la ghuba ndogo ya bandari, na nyuma yake ardhi inapanda yenyewe. Mungu alikwisha kuwajengea watazamaji, kazi ya binadamu ilikuwa kuweka magoli.

Pasipo na mteremko wa asili, ulitengenezwa. Jukwaa linataka mbao, mabati, fundi, na mtu wa kulipa deni. Kilima kinataka udongo tu. Unaposawazisha uwanja, udongo uliochimba katikati lazima uende mahali, na mahali pa karibu ni pembeni. Unaurundika, unaushindilia, unaotesha nyasi, na kazi imekwisha. Kiti cha mtazamaji kimetoka chini ya miguu ya mchezaji. Tena kiti hicho hakina idadi. Jukwaa la watu 2,000 likijaa limejaa, lakini kilima hakijai, watu husogeleana. Ukifika mapema unapata pazuri, ukichelewa unapata nyuma ya mtu mrefu. Fedha yako haina la kusema hapo, anayesema ni saa uliyoamka.

Na kuna jambo la jua. Katika viwanja vingi jukwaa kuu hujengwa upande wa magharibi, ili jioni jua liwe mgongoni mwa wakubwa. Kilima hubaki mashariki, na watu wake hutazama kipindi cha pili huku wamekinga macho kwa mkono kama wapiga saluti. Ndivyo ilivyo Brookvale, uwanja wa klabu ya Manly, na nadhani hata nyumbani hamhitaji kuelezwa ni upande gani tiketi ni rahisi. Lakini kamera za televisheni nazo hukaa magharibi, kwa sababu hiyo hiyo ya jua. Kwa hiyo anayetazama nyumbani huwaona watu wa kilimani kila dakika nyuma ya mpira, na wale wa jukwaani hawaoni kabisa. Sisi watu wa redio ndio tunaochekesha zaidi: hupewa kibanda jukwaani, chini ya paa, kisha tunaelekeza kipaza sauti kilimani, kwa kuwa ndiko kelele iliko.

Kilima kilichovuma kuliko vyote kilikuwa Sydney Cricket Ground, uwanja mkubwa wa kriketi ambako fainali za raga ya ligi zilichezwa mpaka mwaka 1987. Hakikuhitaji jina la mtu. Kiliitwa Kilima, na kila mtu akajua. Upande wa pili palikuwa na jumba la wanachama lililojengwa 1886, na pembeni yake jumba la wanawake la 1896, kwa kuwa mabwana wale hawakutaka kuketi na wake zao. Katikati ya ngazi hizo mbili za maisha palikuwa na jukwaa la 1895 lililoitwa Bob Stand, yaani jukwaa la bob, kwa sababu kiingilio chake kilikuwa shilingi moja. Jirani zetu wa Kenya hadi leo huiita shilingi bob. Neno ni moja la Waingereza, likafika Sydney na Nairobi kwa meli tofauti. Jukwaa lile halikutupwa lilipozeeka, bali katika miaka ya 1980 lilihamishiwa uwanja wa North Sydney, nalo lingali huko. Jukwaa laweza kuhama, ndugu zangu. Kilima hakihamishiki.

Juu ya Kilima aliketi Stephen Harold Gascoigne, aliyejulikana kwa jina la Yabba. Alizaliwa 1878, akafa 1942, na kazi yake ilikuwa kuuza nyama ya sungura mitaani. Ile sauti ya kuitia wateja aliichukua mpaka uwanjani, na mchezaji wa kriketi aliyezembea aliambiwa makosa yake mbele ya maelfu ya watu. Mtu huyo hakuwa na cheo chochote, lakini wachezaji kutoka Uingereza walimjua. Najiuliza angekuwa nani kama angeuziwa kiti namba 46 katikati ya watu wasiomjua. Mwaka 2008 sehemu ya mwisho ya Kilima ilipojengwa jukwaa kubwa, Yabba alitengenezewa sanamu ya shaba, ikawekwa ndani ya jukwaa hilo hilo.

Kabla ya hapo Kilima kilikuwa kimeshaanza kumegwa. Alikuwapo mcheza kriketi aitwaye Doug Walters, kipenzi cha watu wa kilimani, nao katika miaka ya 1970 walikuwa wakitundika bango penye nyasi lenye maneno ya mzaha kwamba pale ndipo Jukwaa la Doug Walters. Katika miaka ya 1980 wenye uwanja wakajenga jukwaa la kweli juu ya sehemu ya Kilima, wakaliita kwa jina hilo hilo. Mzaha wa watu ukageuzwa kibao cha saruji. Sijui kama waliopanga walilenga kuwafurahisha au kuwafukuza, ila walifanya yote mawili.

Lakini nisije nikawasimulia kilima kana kwamba kilikuwa pepo. Tarehe 18 Septemba 1965 watu 78,056 waliingia uwanjani humo kutazama fainali kati ya St George na South Sydney. Hakuna mechi ya raga ya ligi iliyopata watu wengi zaidi pale, kabla wala baada yake. Walikaa mpaka ukingoni mwa uwanja, karibu washike miguu ya wachezaji, na wengine wakapanda juu ya mapaa ya majukwaa. St George walishinda 12 kwa 8, ukiwa ubingwa wao wa kumi mfululizo. Picha za siku ile hupendwa sana. Mimi nikizitazama nawaza mtoto aliye katikati ya kilima na haja imemshika. Nawaza mwanamke aliyekuja peke yake. Nawaza mtu wa kiti cha magurudumu, ambaye hayumo katika picha hata moja, kwa kuwa hakuna namna angefika. Kilima kikinyesha mvua kilikuwa utelezi, kikiwaka jua kilikuwa ulevi, na yakirushwa matusi juu ya rangi ya mchezaji, hapakuwa na namba ya kiti ya kumwandikia polisi. Wachezaji wenye asili ya Aborijini waliyasikia hayo kwa miaka mingi.

Sasa niwapeleke kwenye moto niliowaahidi. Jumapili tarehe 27 Septemba 1981 Parramatta, klabu ya magharibi mwa Sydney iliyoingia ligi mwaka 1947, ilicheza fainali na Newtown, klabu ya tangu 1908. Parramatta hawakuwa wamewahi kuchukua ubingwa. Wakashinda 20 kwa 11. Kocha wao Jack Gibson aliwaambia mashabiki maneno machache tu: ding dong, mchawi amekufa. Jioni ile maelfu wakamiminika katika uwanja wao wa nyumbani, Cumberland Oval, uliokuwa ndani ya bustani ya kale ya mji. Wakaimba, wakanywa, wakavamia jukwaa lao la mbao, na wakalitia moto mpaka likaisha.

Mtu anaweza kusema ulikuwa wazimu wa pombe, na pombe ilikuwapo. Lakini tazameni walichochoma. Hawakuchoma nyumba ya adui. Walichoma jukwaa lao wenyewe, bovu, la zamani, na mabishano juu ya kujenga uwanja mpya pale yalikuwa yakiendelea. Waliompenda yule mzee wa mbao walikuwa wengine, wenye kuthamini bustani na historia. Wao wa Parramatta walikuwa wamechoka kuwa watu wa uwanja wa shamba. Klabu ikakaa bila nyumba miaka kadhaa, ikicheza kwa kuazima huko Belmore. Mwaka 1986 Malkia Elizabeth wa Pili akafungua uwanja mpya, wenye majukwaa mawili marefu ya viti pande zote mbili. Na nyuma ya magoli, huku na huku? Vilima vya nyasi. Hata waliochoma jukwaa hawakuachiwa bila kilima, au pengine fedha ziliishia hapo.

Baadaye vilima vile vikawekwa viti. Mwaka 2017 uwanja wote ukavunjwa, na Aprili 2019 ukafunguliwa mwingine wa viti 30,000, majukwaa yake yamesimama wima kama ukuta, na nyasi zote zimebaki za wachezaji. Nimekaa nikiwaza kama vijana wa 1981, ambao sasa ni babu, wanalipa kiingilio chake bila kuguna.

Moto wa jukwaa, hata hivyo, si jambo la kuchekea, na hapa lazima turudi Uingereza, kwenye mji wa Bradford, ambako mchezo huu una mizizi. Bradford kuna uwanja wa raga ya ligi uitwao Odsal. Lilikuwa bonde kubwa, na mkuu wa idara ya usafi wa mji, Bwana Ernest Call, akaja na shauri la ajabu: takataka za majumbani zimwagwe pale kwa mpangilio, zishindiliwe, mpaka kingo za bonde ziwe ngazi za watazamaji. Likawa jaa lenye akili. Uwanja ukafunguliwa mwaka 1934, na watu wakasimama juu ya majivu ya meko yao wenyewe. Jumatano tarehe 5 Mei 1954 ilirudiwa hapo fainali ya Kombe la Challenge kati ya Warrington na Halifax, baada ya sare ya 4 kwa 4 uwanjani Wembley. Tiketi zilizohesabiwa zilikuwa 102,569, na wengi wanaamini waliokuwamo walikaribia 120,000, kwani uzio ulishindwa kuwazuia. Warrington wakashinda 8 kwa 4, ingawa waliokaa juu kabisa waliyaona mambo hayo kama sisi tunavyouona mwezi.

Katika mji huo huo kuna uwanja mwingine, Valley Parade, wa mpira wa miguu. Huo ulikuwa na jukwaa kuu la mbao lililojengwa mwaka 1911. Chini ya sakafu yake palikuwa na uwazi, na kupitia nyufa za mbao takataka zilikuwa zikidondoka mwaka baada ya mwaka: karatasi, vikombe, magazeti. Tarehe 11 Mei 1985, mechi ya mwisho ya msimu, siku ya kukabidhiwa kombe, kitu kinachowaka kikadondoka humo. Kwa dakika chache jukwaa zima likawaka. Watu 56 wakafa. Wengi walikimbilia nyuma, kwenye milango waliyoingilia, wakaikuta imefungwa. Walionusurika wengi waliruka mbele, wakaingia uwanjani. Wachunguzi walikuta katika uchafu ule gazeti la mwaka 1968. Na vyuma vya kujengea paa jipya vilikuwa vimeshaletwa, kazi ingeanza baada ya msimu.

Nimeyaweka haya mawili pamoja kwa makusudi. Mji mmoja, takataka zile zile za watu wale wale. Odsal ziliwekwa wazi, zikashindiliwa na mtu aliyejua anachofanya, zikawa kilima. Valley Parade ziliachwa gizani chini ya viti vya tiketi ghali, zikawa kaburi. Baada ya hapo sheria za usalama ziliufikia pia mchezo wa raga ya ligi, na majukwaa mengi ya mbao yakafungwa au yakapunguziwa watu. Na klabu ya Valley Parade, ikiwa haina uwanja, ilikwenda kucheza baadhi ya mechi zake huko Odsal, juu ya jaa.

Kwa hiyo mtu akiniambia jukwaa ni maendeleo na kilima ni ushamba, namwuliza: jukwaa lipi, na nani anafagia chini yake? Julai 2022, katika uwanja wa Leichhardt mjini Sydney, uliofunguliwa 1934, ukingo wa jukwaa ulikatika wakati wa mechi ya wanafunzi, na vijana wakaanguka mbele ya watu. Leichhardt una kilima kirefu cha nyasi, chenye jina la Wayne Pearce, nahodha wa zamani wa Balmain. Siku ile kilima hakikumwangusha mtu.

Leichhardt ndipo ugomvi ulipo hadi sasa. Tangu fainali zilipohama mwaka 1988 kwenda Sydney Football Stadium, na kisha mwaka 1999 kwenda uwanja mkubwa uliojengwa kwa ajili ya Olimpiki ya 2000, fedha zimekuwa zikikimbilia viwanja vikubwa. Fainali ya 1999 iliingiza watu 107,999, wakaivunja rekodi ya Odsal. Ule Football Stadium wenyewe ulivunjwa mwaka 2019 na kujengwa upya kwa zaidi ya dola milioni 800 za Australia, ukafunguliwa 2022. Mwezi Agosti mwaka huo serikali ya jimbo, ikiongozwa na Dominic Perrottet, iliahirisha kutoa fedha za viwanja vya mitaani, Leichhardt na Brookvale vikiwamo, ikisema kwanza wajengewe nyumba waliokumbwa na mafuriko. Wakuu wa ligi wakaja juu, wakatishia kuipeleka fainali Brisbane. Haikwenda. Ilichezwa Sydney, na Parramatta, wale wale wa moto, wakafungwa na Penrith 28 kwa 12.

Sikiliza sasa jambo lililonishangaza. Waliosimama kidete kukitetea kilima cha Leichhardt si wapakuzi wa meli tena. Balmain na Leichhardt zimegeuka mitaa ya mawakili na madaktari, na nyumba ya kuli wa 1934 sasa inauzwa kwa bei ambayo kuli angezimia kuitamkiwa. Klabu yenyewe ya Balmain iliunganishwa na Western Suburbs mwaka 1999, ikawa Wests Tigers, na huleta Leichhardt mechi chache tu kila msimu. Watu huja na watoto, na mablanketi, na chakula cha kikapuni, wakasema hivi ndivyo mpira ulivyokuwa. Fedha za ukarabati ziliahidiwa mwaka 2024, na kilima kimeachwa katika mpango. Huko Brookvale kilima cha kaskazini hakikuwa na bahati hiyo, palijengwa jukwaa la Bob Fulton, likaanza kutumika 2022, ila kile cha mashariki, cha wapiga saluti, kipo.

Je, ni unafiki? Wakati mwenye kilima alikuwa hana kingine, aliota paa. Alipopata paa, mwenye paa akaota kilima. Sitaki kuwahukumu. Ninachoona ni kwamba mara zote mbili aliyeulizwa ni yule aliyekuwa na sauti. Mwaka 1981 vijana wa Parramatta hawakuulizwa, wakajiuliza wenyewe kwa kiberiti. Na leo baba mwenye watoto wanne, anayeishi mbali kule magharibi ya Sydney, anayetaka kuwaleta wote watano mpirani kwa fedha ya siku moja ya kazi, sijasikia akialikwa katika kikao cha kuchora majukwaa. Kilima kilikuwa kinampokea bila kikao. Watoto wake wangekaa miguuni pake, wasihesabiwe kiti.

Mwaka 2018 nilikuwa Australia kwa kazi, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Gold Coast, na wakati wa kurudi nikapata siku mbili Sydney. Sikwenda kwenye daraja wala jumba la opera. Nilikwenda Henson Park, uwanja wa Newtown, wale waliofungwa fainali ya 1981. Newtown waliondolewa ligi kuu mwishoni mwa 1983 kwa ukata, na siku hizi hucheza daraja la chini yake. Uwanja wao ulikuwa machimbo ya udongo wa matofali. Shimo lilipokwisha kazi halmashauri ikalifanya uwanja, ukafunguliwa mwaka 1933, na kuta za shimo ndizo vilima vyake. Mwaka 1938 mashindano ya baiskeli ya michezo ya Dola ya Uingereza, mama wa hiyo niliyotoka kuitangaza, yalifanyika humo humo. Kuna jukwaa moja dogo, lenye jina la Mfalme George wa Tano. Kwingine kote ni nyasi.

Niliketi kilimani kando ya mzee mmoja aliyekuja na mbwa wake, maana mbwa huruhusiwa. Watoto walikuwa wakiteleza juu ya maboksi yaliyokunjuliwa. Mzee aliponiona naandika aliniuliza naandikia nani, nikamwambia redio ya Dar es Salaam. Akafikiri kidogo, akaniambia niwasalimie. Alikuwapo kwenye fainali ya 1981, upande wa waliofungwa, na habari za moto wa Parramatta alizisikia kesho yake. Nilimwuliza kama alichukia. Akasema hapana, alichosikitika ni kwamba waliochoma walikuwa na jukwaa moja tu, na wao Newtown pia walikuwa na moja, na hakuna aliyekuja kuwajengea jingine.

Akanieleza desturi ya pale. Kila mechi mtangazaji husoma idadi ya watazamaji, na kila mechi idadi ni ile ile: 8,972. Wawe 800, wawe wamefurika mpaka barabarani, ni 8,972. Hakuna anayehesabu, wala hakuna anayebisha. Watu wote husubiri itajwe, kisha hushangilia kama goli.

Kipindi cha pili mvua ikaanza. Mimi, ndugu zangu, niliyewasifia kilima tangu nusu saa iliyopita, nilikunja daftari nikakimbilia jukwaani kwa Mfalme George. Nilipogeuka nilimwona mzee bado yuko pale pale, amefungua mwavuli, mbwa kati ya miguu. Ndipo kipaza sauti kikakohoa, na tukatangaziwa kwamba leo tumehudhuria watu 8,972.